Gari la Oduor Liko Kivulini

Jumamosi, Julai. Joto lenye unyevu. Nikifungua mlango tu, miwani inafunga ukungu.

Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, naitangazia dunia kwamba mgogoro wa maegesho katika kompaundi yetu, nyumba kadhaa ndani ya ukuta mmoja hapa Doha, umemalizika kwa amani. Pande zote zimeridhika. Hakuna aliyejeruhiwa, isipokuwa viganja vyangu.

Hiyo ndiyo taarifa rasmi. Sasa nieleze.

Kila nyumba kwetu ina nafasi mbili za gari chini ya paa la turubai. Asiyewahi kushika usukani uliolala juani mwezi wa saba hawezi kujua thamani ya lile turubai. Nafasi moja ni yangu. Ya pili ni ya mke wangu, Mama Neema, ambaye ni nesi wa zamu ya usiku. Hurudi asubuhi, jua likiwa tayari limekasirika.

Udhaifu wangu unajulikana kuanzia West Bay hadi Lusail: sijui kukataa. Julai ikifika Wakenya wanakwenda nyumbani, na kila mwenye gari ananikumbuka. Oduor alikuja na lake, jeusi, refu kama jeneza la chifu. "Mzee, wewe ndiye mtu wa kuaminika mji huu. Uliweke kivulini tu, uwe unaliwasha." Kazini hakuna anayenisifu hivyo. Nikaliweka kwenye nafasi ya Mama Neema, kwa muda mfupi. Kisha Sista Akinyi wa fellowship yetu ya kanisani akaleta lake. Hilo nikaliweka kwenye nafasi ya wageni.

Mama Neema akawa anaegesha nje ya ukuta, kwenye uwanja wa mchanga, halafu anatembea hadi nyumbani. Hakusema neno. Nami, baada ya miaka yote hii ya ndoa, nikadhani amekubali.

Wiki iliyopita ukaingia ujumbe kwenye kundi la wakazi. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Yusri, mhandisi kutoka Aleksandria, alisema amepokea malalamiko kwamba kuna mtu amegeuza kompaundi kuwa yadi ya magari. Alhamisi jioni kutakuwa na mkutano.

Nilijua ni nani aliyenishtaki. Ni jirani wa upande wa kushoto, yule mhasibu mpole mwenye paka. Nikamnunia wiki nzima. Baadaye nimesikia alimwuliza mke wangu kama ninaumwa jino.

Alhamisi nilijiandaa. Mama Neema mwenyewe alinipigia shati pasi na akasema atanisindikiza. Nikaguswa. Pale ukumbini nikahutubia kuhusu ujirani, ukarimu wa Kiafrika na mtu aliye mbali na kwao. Mama mmoja Mfilipino akawa anatikisa kichwa kwa huzuni. Nikaona nimeshinda.

Bwana Yusri akauliza kama mlalamikaji ana la kusema.

Mke wangu akasimama.

"Mwenyekiti, mlalamikaji ni mimi. Naomba nafasi yangu. Nikitoka wodini miguu imevimba. Huyu bwana ni mtu mzuri sana, na hilo ndilo tatizo."

Watu walicheka hadi paka wa mhasibu angesikia. Kura ikapigwa: nyumba moja, magari mawili. Mikono yote ikanyanyuka, na wangu pia, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Jana nikapeleka gari la Sista Akinyi kwa binamu yake Lusail. Lakini Oduor nilimwahidi kivuli, na kila siku ananipigia simu ya video kutoka Kisumu: "Mzee, liko kivulini?" Liko kivulini. Liko kwenye nafasi yangu. Langu ndilo limehamia mchangani.

Leo mchana nimetoka dukani, nimeliegesha huko, na nimetembea mwenyewe kutoka ukutani hadi mlangoni. Viganja vinawaka kwa sababu ya usukani, shati limenata mgongoni, viatu vimejaa mchanga. Nami sikuwa nimesimama usiku kucha nikigeuza wagonjwa kitandani. Nilipofika mlangoni sikuwa na hotuba yoyote.

"Pole, Mama Neema," nikasema. "Ya wiki zote zile."

Akaniangalia viganja, akaingia jikoni, akarudi na zile glavu nene za kutolea keki kwenye oveni. "Vaa hizi ukiendesha, Baba Neema. Watu wakikucheka, waambie wewe ni mtu wa kuaminika."

Ningeishia hapo ningeonekana nimejifunza. Lakini nimesema nitaeleza yaliyotokea kweli.

Alhamisi, watu wakitawanyika, Bwana Yusri alinivuta pembeni. Ni kweli, akauliza, ninayawasha hayo magari mara kwa mara? Na kuyafuta vumbi? Maana Agosti anakwenda Aleksandria, na la kwake halina mtu. Litabaki palepale kwenye nafasi yake, akaapa, ni kuliwasha tu.

Funguo zake nimezificha ndani ya glavu ya kushoto. Na Mama Neema anasema jioni ataoka keki.

Nimwambie sasa hivi, au nimwombe mwenyekiti aitishe mkutano mwingine?