Baba na Kitufe cha Herufi Kubwa

Jumapili, 2 Machi

Leo Baba kaomba nimfundishe kompyuta. Baba! Seremala kwa miaka arobaini sasa, ambaye hata simu huishika kama itamng'ata. Nimemtolea ile kuukuu waliyonipa ofisini. Kibodi imejaa makombo ya biskuti — yangu, nakiri.

Kakagua kitufe kimoja kimoja kama anachagua mbao. Hiki? Home, nyumbani. Na hiki? End, mwisho. Akaondoa kidole haraka. Na hiki Scroll Lock, kazi yake nini? Sijui, Baba. Akanitazama juu ya miwani: miaka kumi na tisa mhazili, na hujui?

Hakuna anayejua!

Hajasema anataka kumwandikia nani.

Jumatatu, 3 Machi

Nimejua. Ni Baba Mdogo, mdogo wake wa pekee. Ijumaa anafanyiwa upasuaji wa tumbo. Baba kazisikia habari dukani kwa muuza misumari.

Hawajasemezana miaka tisa, tangu mazishi ya Bibi. Baba Mdogo alichelewa, akakuta kaburi limeshafukiwa. Baba akamuuliza mbele ya watu wote: umekuja kutazama udongo? Basi. Ikawa ndiyo salamu yao ya mwisho.

Nikamwambia ampigie simu. Hataki. "Kwenye simu nitamfokea, najijua. Kwa kuandika mtu hafoki." Usiku nikamfungulia barua pepe, nikamwekea anwani ya Baba Mdogo.

Jumanne, 4 Machi

Makubwa!

Saa nne niko ofisini, simu. Mama Mdogo, mke wa Baba Mdogo, analia. Shemeji yake kamtumia mgonjwa barua pepe ya kumfokea. Akanisomea, kisha akanitumia nijionee. Herufi kubwa mwanzo mwisho:

MBONA HUKUNIAMBIA UNAUMWA? MIMI NI NANI KWAKO?

Nikamweleza: ni kitufe tu, Mama. Caps Lock. Kimekaa jirani na A, na kidole cha Baba kinafunika vyote viwili. Halafu: "Mwanangu, miaka tisa hii, leo unaniletea habari za kitufe?" Akakata.

Jioni nikambana Baba. Kumbe aliona! Akaacha makusudi. "Nilidhani ndiyo vizuri. Yule macho yake mabovu tangu utotoni."

Nilikuwa nacheka. Nikaacha.

Nimeking'oa hicho kitufe kwa mpini wa kijiko. Kibodi sasa ina pengo. Baba kasimamia kazi yote, na kunikosoa nilivyoshika kijiko.

Jumatano, 5 Machi

Barua ya pili. Baba kainuka kwenda kunywa chai, akabonyeza Pause ili mashine imsubiri. Kurudi, kioo cheusi, imelala. Kanuna! Mbona imeandikwa Pause?

Lakini kaandika. Saa nzima, kidole kimoja: *Nilikukosea mbele za watu. Nisamehe.*

Kisha akaona si heshima kuanza hivyo, bila hata kumwita mtu. Akarudi mwanzo kuongeza "Mdogo wangu".

"Binti! Inakula! Inakula maneno!"

Insert. Kitufe ambacho hakuna mtu duniani amewahi kukibonyeza kwa kupenda. Kila herufi aliyoandika imemeza iliyo mbele yake. Kwenye kioo pamebaki: *Mdogo wangu, bele za watu. Nisamehe.*

"Nilikukosea" lote limeliwa.

Nikazima Insert, nikamwambia aliandike tena, ni neno moja tu. Akakaa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mara ya kwanza sikujua kama nitaliweza," akasema. "Sasa najua lilivyo zito."

Barua haikwenda.

Alhamisi, 6 Machi

Baba kashinda karakana, anapiga randa kipande cha mbao kisicho na kazi. Nikajitolea kumwandikia mimi. Akaniuliza: kosa langu, wewe uandike? Kisha kazima kompyuta. Kwa kuchomoa waya.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi.

Asubuhi nimemkuta sebuleni, shati la kutokea, viatu vimepigwa rangi. "Twende." Sikuuliza wapi.

Wanamwingiza chumba cha upasuaji saa nane. Tumefika saa saba na nusu. Mama Mdogo alikuwa hapa peke yake. Katutazama, halafu kasogeza mkoba wake, tukapata pa kukaa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa kaisoma ile barua ya makelele mpaka kaikariri. Nikamuuliza, alikasirika? Akasema: alicheka, halafu akageukia ukutani.

Muuguzi katoka: mtu mmoja tu, dakika tano. Mama Mdogo akasema, nenda wewe, shemeji.

Baba kafika mlangoni, kasimama. Kanigeukia. "Nianzie wapi?"

"Popote, Baba."

Muuguzi anaangalia saa. Mlango uko wazi nusu. Ndani kitanda kimelia, na sauti ambayo sijaisikia tangu mazishi ya Bibi inauliza: "Nani huyo?"

Baba kavua kofia. Anaizungusha mikononi. Midomo inacheza — "Mdogo wangu," anasema, anaingia.