Boti Nyeupe Iliyolazwa Chini ya Maji

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Uvira, tarehe 22 Februari 1999, saa nne asubuhi
Jina: Ndihokubwayo Herménégilde
Umri: miaka 51
Kazi: fundi wa mitumbwi
Makao: Kalundu, Uvira
Mbele ya: OPJ (afisa wa upelelezi) Emery

Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Nimesikia kwamba Léopold, mlinzi wa nyumba ya yule Mzungu mwenye duka, amelala humu siku tatu kwa kosa la kumuuzia Mama Pudentienne boti mbovu. Kosa si lake. Andika hilo kwanza, chef, mengine yafuate.

Boti hiyo naijua tangu mwaka 1974. Mzungu aliitumia siku za Jumapili kwa mchezo. Yeye alishika usukani, na mke wake alivutwa nyuma kwa kamba, amesimama juu ya maji kwa mbao mbili miguuni. Mimi nilikuwa ufukweni na patasi mkononi, kazi yote ikanitoka kichwani. Tangu siku hiyo boti ile hunijia usingizini, nyeupe, haina kelele, na anayesimama juu ya maji ni mimi. Usicheke, chef. Wewe ndiye uliyesema nieleze yote.

Vita vilipofika, Oktoba 1996, Mzungu alikuwa ameshaondoka. Léopold aliijaza boti mawe, akaizamisha kwenye matete karibu na mdomo wa mto Mulongwe ili askari wasiichukue. Sote tulifanya hivyo na mitumbwi yetu. Mtumbwi wa mbao ukilala majini hauharibiki. Mbao zinakunywa, zinavimba, nyufa zinajifunga zenyewe, na siku ya kuutoa unakuta umekuwa mzuri kuliko zamani. Kazi hiyo naijua, nimeifanya miaka thelathini.

Mnamo tarehe 11 Februari, saa mbili asubuhi, Mama Pudentienne, mshonaji wa Runingu, alifika kwangu. Mama yake mzazi, Bibi Élisabeth, alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alisema apasuliwe Bujumbura kabla ya mwezi kuisha. Barabara ilikuwa imefungwa na mitumbwi mizuri ilikuwa mikononi mwa askari. Iliyobaki ni boti ya Léopold, aliyekuwa tayari kuiuza. "Papa Herménégilde," aliniambia, "minye sijue mambo ya mayi. Weye ukisema iko muzuri, tutapanda."

Saa nne tulikuwa kwenye matete, pamoja na Léopold na wavuvi. Tulitoa mawe, tukaivuta. Ilitoka polepole, imejaa matope na majani, visamaki vinaruka ndani yake, na nilipopangusa kwa kiganja nikauona weupe wake uleule. Machozi yalinilenga, mimi mtu mzima. Boti ya ukubwa ule watu wanne wanainyanyua. Tuliimwaga maji na matope yote, tukajaribu wanne, haikusogea. Tukaongezeka wawili, bado. Iliondoka chini tulipofika wanane. Venant, mvuvi, akasema, "Hii kitu iko muzito sana, Papa. Haiko sawa." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Weye unajua samaki. Boti imeshiba mayi tu."

Kisha niliikagua kama tunavyokagua mitumbwi. Nilimimina maji ndani, tukakaa tukiangalia upande wa chini kwa saa nzima. Halikutoka hata tone. Niligonga ubavu kwa mpini wa nyundo, ikatoa sauti nzito, iliyoziba. Kwa mtumbwi wa mbao, sauti hiyo ndiyo tunayoitafuta. Lakini ile si mbao, chef. Ni ganda la plastiki ngumu, na ndani yake wamefungia mbao na sponji za kuifanya ielee, ambazo hazitakiwi kulowa kamwe. Mbao zile zikilowa zinaoza, na sponji inakuwa mzigo. Nilielezwa hayo zamani na fundi mmoja wa Kigoma. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeudunga nayo ubao wa nyuma, ule unaobeba mota, ningejua kwa dakika moja kama umeoza. Sikutaka kuitoboa. Nilikuwa nimeshaiosha, inang'aa.

Mama Pudentienne aliuliza, "Papa, iko muzuri?"
Nikasema, "Iko muzuri, Mama. Mupande." Palepale akamlipa Léopold.

Tarehe 16, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tuliondoka Kalundu watu watatu. Mota, ambayo Léopold aliificha nchi kavu, niliishika mwenyewe. Nani mwingine angeishika? Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya ng'ambo ya rangi ya bluu, hujui maji yanaishia wapi. Bibi Élisabeth alishusha vidole majini, akatabasamu. Alisema, "Mwanangu, tumbo haliniumi." Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Kwa kitambo kile nilisahau vita.

Saa kumi na mbili na robo ubao wa nyuma ulimeguka kama mkate uliolowa. Mota ilizama, maji yakaingia kwa nyuma, na boti ikaenda chini moja kwa moja. Mama Pudentienne nilimsukumia bidon tupu, dumu la mafuta, alishike. Bibi Élisabeth hakuonekana tena. Venant, aliyekuwa akirudi kuvua ndagala, dagaa wa ziwa letu, ndiye aliyetuokota.

Kwenye kilio Mama Pudentienne alinishika mikono mbele ya watu wote, akasema, "Aksanti, Papa, uliniokoa." Léopold alikuwa pale, wakaanza kumtukana, wakamleta kwenu. Mimi nilipokea aksanti ile, nikakaa, nikala chakula cha msiba. Ee Mungu wangu, nilikula.

Sina zaidi ya hayo, nami ninayasimamia. Tulikuwa wanane kuinyanyua, na nilihesabu.

Sahihi: Ndihokubwayo H.

Maandishi ya OPJ: Shahidi amesomewa maelezo haya, ameyakubali, hakubadilisha neno. Ameomba Mama Pudentienne asomewe pia. Nilimwambia aende nyumbani mpaka atakapoitwa. Alivua mkanda na viatu, kama wanavyofanya wanaoingia chumba cha mahabusu, akaviweka juu ya meza yangu, akauliza Léopold anatoka saa ngapi.