Kisiwa cha Boti ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Leo kanitumia visiwa vitano kwenye simu. Visiwa! Kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Chagua wewe, fungate ni yako," ameandika, na vimoyo vyekundu chini yake. Huyu ni mchumba wangu. Humu namwita Bwana Mipango, maana hata chafya yake ina ratiba. Harusi mwezi ujao. Kadi zimeshachapishwa, ukumbi umeshapatikana, limebaki la kisiwa.

Nimevitazama mchana nyuma ya duka, katikati ya maboksi ya fremu za miwani. Bahari ile ile, minazi ile ile, mwanamke yule yule mwenye kofia kubwa amewapa watu mgongo. Sijui anaangalia nini huko.

Fungate. Neno zuri. Mimi nikilisoma naona "funga" tu.

Jumanne, 4 Machi

Shangazi kaja nyumbani kuvikagua visiwa. Kakaa sebuleni, miwani puani (nilimtengenezea mwenyewe), simu yangu mkononi kama hakimu. Cha kwanza kina volkano. "Harusi na moto, wapi na wapi!" Kimetoka. Cha pili, wanawake wa kwenye picha wamevaa vijitambaa. Akailaza simu kifudifudi. Halafu akaiinua tena aone vizuri. Nacho kimetoka.

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Siku hizi anaimba jikoni. Tangu Baba atutoke sikuwahi kumsikia akiimba. Sasa mimi nitaanzia wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Acha niandike, hapa hapana anayesoma. Sikukubali kuolewa. Nilisema sawa.

Ilikuwa hivi. Shangazi alipiga simu nikiwa kwenye mashine ya kukatia lenzi, maji yanaruka, kelele tupu. Akasema yule kijana wa ujenzi niliyempima macho ameulizia kama watu wake waje kuzungumza. Nikamjibu, "Sawa, Shangazi." Sawa ya nimesikia. Sawa ya nina kazi, nitakupigia! Niliporudi nyumbani jioni Mama alikuwa analia kwa furaha, na Shangazi ameshawapa jibu. Nikasema moyoni, nitawaeleza kesho. Kesho yake watu wake wakaja na zawadi.

Na angekuwa mtu mbaya ningepata pa kushikia. Hana ubaya! Ana adabu, ana huruma, na akimwita Mama "mama" anamaanisha. Simpendi tu. Akiongea namwangalia mdomo kama naangalia tiivii iliyozimwa sauti.

Jumamosi, 8 Machi

Dukani leo bibi mmoja, mteja mpya. Nimemkalisha mbele ya bango la herufi, namwekea lenzi. Hii? "Sawa." Na hii? "Sawa, mwanangu." Nikamwekea ya kipofu kabisa, ambayo hata ndovu angepotea. "Hiyo nayo sawa."

Nikamwambia, "Bibi, usiniambie sawa. Niambie unaona nini. Ukisema sawa kwa zote utaondoka na miwani ya mtu mwingine."

Akacheka, akanishika mkono. "Naogopa kukuudhi. Naona unavyohangaika na mimi."

Nikacheka naye. Alipoondoka nikaingia nyuma kwenye maboksi, nikalia kidogo. Nikanawa uso, nikamwita anayefuata.

Jumapili, 9 Machi

Vimebaki visiwa vitatu. Bwana Mipango anauliza kila asubuhi: umechagua? Leo nimevisoma vyote kwa makini. Nimekuja kugundua kitu. Vyumba sisomi. Chakula sisomi. Kasa, matumbawe, machweo, naruka. Nasoma sehemu moja tu: jinsi ya kufika. Yaani, jinsi ya kutoka.

Kimoja kina ndege kila siku. Kingine kina daraja! Kisiwa chenye daraja, unaweza hata kuondoka kwa miguu umebeba viatu. Nikamwandikia haraka: nataka cha daraja. Akajibu kwa kicheko. "Mpenzi, chenye daraja ni kisiwa hicho?"

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa nimejiandaa. Nimefanya mazoezi bafuni mbele ya kioo: "Nina jambo la kukuambia." Mara nyingi, mpaka Mama akagonga kuuliza naongea na nani.

Jioni kanipitia kazini kunipeleka kuiona nyumba anayojenga. Madirisha bado, sakafu ni vumbi la saruji. Akanisimamisha jikoni, kwenye benchi la zege la kuandalia chakula. "Weka mkono." Nikaweka. Likanikaa sawasawa, mkono umelala vizuri, bega halijapanda. Kumbe siku ile tulipokula kwao alinitazama nikikata matunda, mgongo umepinda, akaenda kumwambia fundi alipandishe. Nani amewahi kunitazama hivyo? Nilitamani nimpende pale pale. Nilijaribu kweli, kama mtu anayesukuma gari lililozima.

Nikasema, "Nina jambo la kukuambia."

"Najua. Kisiwa!" Akatoa simu, uso unang'aa. Kachagua mwenyewe ili kunipunguzia mawazo. Ni kile cha mwisho, kidogo kuliko vyote. Boti inaleta watu Jumamosi, inachukua watu Jumamosi. Katikati hapo hakuna kitu. Hata mtandao hakuna. "Hakuna wa kutusumbua, hakuna pa kwenda. Mimi na wewe tu. Unaonaje?"

Fundi alikuwa mlangoni anatabasamu, ndoo mkononi. Nimelisema tena, lile "sawa" langu. Ee Mungu wangu, nimelisema tena.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia Mama. Au nimejaribu. Alikuwa anapindia gauni lake la harusi yangu, pini mdomoni. Nikasema, "Mama, moyo wangu haupo." Akatoa pini moja moja. Akasema hata yeye wakati wake alitaka kukimbia, ni hofu ya bibi harusi, huja na hupita. Akasema yeye na Baba walizoeana.

Nikamuuliza, walizoeana au walipendana?

Akarudisha pini mdomoni.

Jumamosi, 15 Machi

Niko chooni. Choo cha ofisi ya wakala wa safari. Nimekaa juu ya kifuniko, naandikia pajani.

Tumekuja watatu: mimi, Bwana Mipango, na Shangazi, ambaye hana safari lakini kavaa mpaka hereni. Wakala ni mama mchangamfu mwenye kucha ndefu. Ukutani kwake kuna bango la yule mwanamke wa kofia, safari hii mkubwa kuliko mimi. Kila kitu kilikwenda haraka. Pasipoti, majina, tarehe. Nilitegea labda chumba kimejaa. Hakijajaa. Labda boti mbovu. Boti nzima.

Halafu wakala akanigeukia mimi. Akasema akishabonyeza kwenye skrini hakuna kubadilisha tena, wala kurudishiwa, kwa hiyo wanapenda wasikie kwa bibi harusi mwenyewe. "Tumekubaliana, dada? Sawa?"

Wote wakanitazama. Shangazi ameshaanza kuitikia kwa kichwa kwa niaba yangu. Bwana Mipango alinishika mkono, mkono wake wa joto, mkavu, mzuri. Nikafungua mdomo, nikalisikia linakuja lenyewe, lilivyozoea njia. Nikaliuma. Nikasema nakwenda chooni.

Wanaongea huko nje. Shangazi anamwambia wakala ni aibu tu, mtoto wetu mwenye haya. Wakala anacheka.

Sasa viatu. Anakuja. Kagonga, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Mpenzi? Uko sawa?"

Naendelea kuandika.

"Uko sawa?"

Hapana. Nimesema. Kwa sauti! Hapana, siko sawa, sitaki. Limetoka lote. Hata bomba la maji nimelisikia likinyamaza.

Halafu yeye, polepole: "Sawa."

Sawa gani? Ya nimesikia? Ya nimeelewa? Au ya jikaze utoke, tunakusubiri? Naviona viatu vyake chini ya mlango. Haviondoki, na mimi sijui nimuulizeje.