Maneno ya Jiwe la Kaburi la Mheshimiwa Asahel Thornbury

KAMATI YA MAZISHI, MJI WA HARROWFIELD, MASSACHUSETTS
Kikao cha tarehe 6 Februari 1821, ukumbi wa mikutano, saa nne asubuhi

Waliohudhuria: Kapteni Josiah Penhallow (Mwenyekiti), Shemasi Lemuel Stroud, Bw. Eleazar Finch, Bw. Obed Lathrop (Katibu)
Mwalikwa: Bi. Mehitabel Thornbury, mjane wa marehemu
Hakuhudhuria: Dkt. Amos Tuttle (homa)

KUMB. NA. 1/1821: KUFUNGUA KIKAO
Wajumbe walisimama kimya. Mwenyekiti alieleza kwamba marehemu, mtengeneza ngozi, aliutumikia mji huu miaka mingi, na kumi na miwili kati ya hiyo alikuwa mbunge wa taifa.

KUMB. NA. 2/1821: MAHALI PA KABURI
Ilikubaliwa azikwe safu ya mbele, pamoja na askari wa vita vya uhuru. Bw. Finch alisema ardhi imeganda kama chuma, hivyo moto utawashwa juu yake siku nzima kabla ya kuchimba.

KUMB. NA. 3/1821: MANENO YA JIWE
Mwenyekiti alipendekeza: "Alitumwa na watu wa Harrowfield, akawatumikia kwa uaminifu."

Shemasi Stroud alilipinga neno la mwisho. Alikumbusha kwamba mwaka 1788 mji ulimtuma marehemu kwenye mkutano wa Boston na agizo la maandishi, aikatae katiba mpya ya taifa. Alikaa huko wiki nne akisikiliza hoja, kisha akapiga kura ya kuikubali. "Tulimpa neno letu, akarudi na lake. Uaminifu gani huo?"

Bw. Finch alijibu kwamba adhabu marehemu aliimaliza: miaka tisa hakuchaguliwa hata kukagua nyua za ng'ombe, ndipo mji huohuo ukampeleka bungeni. Shemasi alisema Bw. Finch wakati huo alikuwa bado ananyonya. Mwenyekiti aliwataka wamheshimu mfiwa.

Bi. Thornbury aliomba nafasi. Alisema hataki mumewe asafishwe. "Agizo lenu alilivunja, na alijua analivunja. Njia nzima kutoka Boston alikuwa akipanga atakavyowaeleza. Hamkumpa nafasi. Pale darajani alirushiwa jiwe, jicho likapotea."

Mwenyekiti alisema mji uliambiwa jicho lile liliunguzwa na chokaa ya kutengenezea ngozi.

"Ndivyo alivyotaka mwambiwe."

Shemasi Stroud alisimama, akakaa, akasimama tena. Alisema: "Jiwe lile nililirusha mimi."

Mwenyekiti alishauri maneno hayo yasiandikwe. Shemasi alikataa. "Andika, Katibu. Miaka thelathini na mitatu imetosha."

Bi. Thornbury alisema: "Alijua, Shemasi. Ulimwita kwa jina kabla ya kurusha, akaitambua sauti yako. Aliniambia, 'Nikimtaja Lemuel, mji utapasuka katikati.'"

Shemasi aliuliza kwa nini basi marehemu alikuwa akimpa mkono kila Jumapili.

"Hilo ungemuuliza mwenyewe," Bi. Thornbury alijibu. "Muda ulikuwa nao."

AZIMIO: Maneno yabaki yalivyopendekezwa. Hoja iliungwa mkono na Shemasi Stroud. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 4/1821: WABEBA JENEZA
Walitajwa watano. Bi. Thornbury aliomba wa sita awe Shemasi. Shemasi alisema hastahili. Bi. Thornbury alisema hakumuuliza hilo, anamuuliza kama mgongo wake utaweza. Shemasi alisema utaweza.

KUMB. NA. 5/1821: KUFUNGA KIKAO
Sala ya kufunga ilikuwa zamu ya Shemasi Stroud. Alianza mara mbili, akashindwa. Bi. Thornbury aliisali yeye. Wajumbe walitawanyika saa sita na robo mchana.

Josiah Penhallow, Mwenyekiti ..............
Obed Lathrop, Katibu ..............