Sauti Iliyolipwa Mara Mbili

Acha unachofanya, maana hili hutaliamini hata nikikuapia.

Yule jirani yangu mwalimu wa chekechea, si aliacha watoto aliowapenda akaenda kiwandani kwa mshahara mara mbili? Mume wa dada yake, anayefanya kazi hukohuko, ndiye aliyempigia debe mpaka akachukuliwa.

Leo asubuhi bosi kamkabidhi orodha ya wanaopunguzwa kazi. "Tulikuajiri kwa hiyo sauti yako ya kubembeleza. Waambie wewe, wasilie sana."

Jina la kwanza ni shemeji!! Shemeji mwenyewe!

Kaingia anacheka. "Shem, kiti kimekukubali! Umeniita tunywe chai?"

Mwalimu kufungua mdomo, ikatoka sauti ileile ya darasani: "Haya, kaa vizuri, tuvute pumzi pamoja."

Akampa barua ya kupunguzwa kazi, shemeji akaisoma mara mbili. "Unanifukuza huku unanibembeleza kama mtoto aliyejikojolea?"

Kama mtoto aliyejikojolea! Na karani pale mlangoni akacheka!

Mwalimu akakimbilia chooni, akaandika barua ya kuacha kazi palepale. Bora watoto na kamasi zao. Kabla hajaipeleka, dada yake akapiga simu. Akajiandaa kutukanwa.

"Najua ni wewe," dada akasema, taratibu kabisa. "Sasa usithubutu kuacha hiyo kazi. Mimi na wanangu tutakula kwako. Kesho uamke, uende ukawabembeleze wengine."

Barua bado iko mkobani. Niambie ukweli, ungekuwa wewe ungeipeleka?