Samaki Niliyemchambulia Daniel

Jumamosi, Hounslow, London

Najikasirikia mwenyewe. Nilimwahidi kaka yangu wa Unguja kwamba huyo Daniel, Mkristo anayetaka kumuoa mwanangu Salma, nitamkataa leo leo, mezani.

Alitupeleka mkahawa wa Kimeksiko wa kifahari. Nyama sikuagiza, nani kachinja? Nikaagiza samaki mzima wa kuchoma, nikamla kwa mkono makusudi, nimtie haya huyo kijana.

Wala! Akaweka uma chini, naye akala kwa mkono, akawa anahangaika na miba. Sijui ilikuwaje. Nilishtukia nishamchambulia mnofu, namwekea kwenye sahani yake, kama nilivyokuwa nikimfanyia marehemu baba Salma.

Salma akanikodolea macho. "Mama, hiyo ni yes? Umemkubali?"

Nikamwongezea Daniel kipande kingine.

Kaka kapiga simu mara tatu. Sijapokea.