Ua la Nyanya Halielei

Jumapili, Awendo, 1997. Tangu mchana mawingu yamekaa juu ya mashamba ya miwa bila kunyesha, na mimi niko hivyo hivyo. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga. Sufuria moja nimeiosha mara mbili.

Niandike tu, labda nitatulia. Mwaka mzima nimekuwa mwongo.

Mwaka jana Baba aliniomba nimletee ua la maji kutoka bwawa la kwao, upande wa Homa Bay alikozaliwa. Alikuwa amestaafu, amechimba kidimbwi cha kufuga ngege, samaki wa ziwa letu, nyuma ya nyumba, na macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Alilitaka ua hilo kwa sababu mama yake alikuwa akiingia majini kuchimba viazi vya mmea huo vya kula miaka ya njaa. Ingia hadi kiunoni, aliniagiza, ndipo utaling'oa.

Sikuingia. Nilikuwa natoka harusini na viatu vya kisigino, na ziwani, kando ya gati la Homa Bay, kulikuwa na ua zuri la zambarau likielea lenyewe. Nikainama, nikaliokota kama mtu aliyeangusha leso. Nilipofika nyumbani nikasema niliingia hadi kiunoni. Nikaongeza na ruba aliyeniuma.

Aibu gani hii, mwalimu mzima.

Tangu hapo, kila Sabato watu wakitoka kanisani, Baba huwapeleka kidimbwini na kuwasimulia jinsi binti yake alivyoingia bwawa la mama yake. Hataji samaki, hutaja mimi. Nami humimina chai nikiangalia chini.

Ijumaa tulikuwa na semina ya walimu wa sayansi Homa Bay. Afisa wa uvuvi aliweka mabeseni mawili mezani. La kwanza lilikuwa na yungiyungi, ua la asili la ziwa letu. Jani la duara limelala juu ya maji, lina mpasuko unaofika hadi kwenye kikonyo. Ua liko peke yake juu ya shina lake, petali nyingi nyembamba zenye ncha, samawati hafifu, katikati njano. Na shina ni refu, kwa sababu mmea wenyewe umeshika tope huko chini.

Beseni la pili lilikuwa na ua langu. Maua mengi kwenye shina moja, petali ya juu ina doa la njano, kikonyo kimevimba na ndani kina hewa tupu, mizizi myeusi inaning'inia bila kushika kitu. Gugumaji, lile gugu linaloziba ziwa. Nilihisi masikio yakiwaka. Mimi hufundisha sehemu za ua darasa la sita!

Basi ndiyo maana kidimbwi kimefunikwa, na ngege huja juu alfajiri kutafuta pumzi. Mvua kubwa ikinyesha, maji hufurika hadi kijito wanakoteka majirani, na kijito kile huingia mto Kuja. Nikinyamaza, balaa halitabaki kwetu. Nikisema ua silo, nitakuwa nimesema pia kwamba sikuingia majini.

Jana nililala kwa shangazi yangu Homa Bay, na leo asubuhi nikaenda bwawani. Nilivua viatu. Maji yalinifika kiunoni kweli, tope likanishika miguu, na shina lilikataa kutoka hadi nilipopapasa chini na kuchimba kwa vidole. Ruba naye alikuwepo.

Nilipofika Awendo ua lilikuwa limejifunga. Nililiweka mkononi mwa Baba nikiwa bado na sketi iliyoganda tope. Alipapasa jani mpaka kidole kikasimama kwenye mpasuko. Akanusa. Akasema, "Hili ndilo la mama."

Hapo nikamwambia yote.

"Nyara," akasema, maana yake binti yangu, "siku ile ulipoleta ua nilisikia viatu vyako vikilia kwenye sementi. Vikavu kabisa. Unadhani ni wageni niliokuwa nawasimulia? Nilikuwa nakusimulia wewe."

Kumbe. Sabato zote zile.

Lakini hakujua kwamba ua lile lilikuwa gugumaji. Alikwenda kidimbwini, akatia mkono, akavuta mizizi, akaipima kwa vidole. Chakula cha mchana hakugusa. Kunisamehe uongo naona amenisamehe. Kuhusu ngege wake, sijui.

Kesho kabla ya shule tunaanza kuling'oa gugumaji, yeye na mimi, na kulianika juani mbali na kijito mpaka life. La nyanya liko kwenye ndoo jikoni, nimeshalitazama mara nne.

Sabato wageni watakuja tena. Safari hii nitawasimulia mimi.